Sare Kwanza, Kofia Baadaye

Mtaani kwetu, mtu akitaka kumpa mwenzake kitambaa cha bure, lazima kwanza pachongwe mhuri. Nasema kwa ushahidi, maana mhuri wenyewe unalala kwenye droo yangu. Mimi ndiye katibu wa kikundi cha akina mama cha kushonea wenye shida. Msiniulize mwanamume mzima, mwalimu mstaafu mwenye mvi zake, aliingiaje huko. Kikundi kilikuwa kinatafuta mwandiko unaosomeka na nyumba yenye sebule pana. Mwandiko ninao, sebule ninayo, na mke wangu ndiye mweka hazina. Kura ilipigwa nikiwa nimetoka kununua gazeti.

Jina la kikundi sitalitaja, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu litamaliza nafasi ya safu hii. Lina upendo, lina tumaini, lina neema, lina maendeleo, na mwishoni lina jina la mtaa. Mchonga mihuri alitwambia wazi kwamba duara lake halitoshi, tupunguze neno moja. Kikao kizima kikaishia kwenye kuamua tuache upendo au tuache maendeleo. Upendo ukaachwa.

Niwape haki yao kabla sijaendelea kulalamika. Wazo lilikuwa zuri. Binti wa jirani alijifungua kabla ya siku zake, mtoto akalazwa wodi ya njiti, na akina mama waliokwenda kumjulia hali walirudi hawana hamu hata ya kusengenya. Walikuwa wameona watoto waliozaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 tumboni, wengine wana kilo moja na kidogo. Walikuwa wameona pia wazazi waliofika hospitali na doti moja ya khanga, na khanga hiyohiyo ni shuka, ni nepi, ni taulo. Wakasema: tushone.

Ningekuwa mimi, ningeshika mkasi jioni ileile. Lakini kikundi hakianzi na mkasi. Kikundi huanza na katiba.

Katiba yetu imeeleza faini ya kuchelewa, faini ya simu kuita kikaoni, kiasi cha rambirambi mwanachama akifiwa na mzazi, kiasi akifiwa na mkwe, na utaratibu wa kumwondoa mwenyekiti, kifungu ambacho mwenyekiti mwenyewe alikisoma kwa kasi ya ajabu. Neno cherehani halimo. Nimelitafuta.

Ikapelekwa kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ili kikundi kisajiliwe, na huko ndiko mtu aliponong'ona habari za asilimia kumi. Msomaji anaijua. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi bila riba: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024, na iliporudi, huruma kwa watoto njiti ikapanda ghafla mtaani kwetu. Tukapata wanachama wapya. Hukaa karibu na mlango, hunywa chai, na kila Jumamosi tukifika kwenye mengineyo huuliza swali moja tu: "Katibu, ile ya halmashauri imefikia wapi?" Sindano hawajaigusa. Mmoja wao alinishikia uzi siku moja, akauliza posho.

Baada ya usajili nikadhani sasa tunashona. Hapana. Sare.

Kikundi kisicho na sare, mwenyekiti alitueleza, kikisimama mbele za watu kinaonekana kama msiba wa watu wasiojuana. Ujumbe ukaenda Kariakoo kuchagua kitenge. Uliondoka asubuhi ukarudi magharibi, kitenge hakuna, wamenunua masufuria. Mara ya pili wakaja na picha kwenye simu. Picha zikazunguka sebuleni. Hiki kinanenepesha. Hiki wanacho kwaya fulani. Hiki kina ndege, na mume wa mwanachama mmoja hataki mkewe avae ndege, sababu hakuisema na sisi hatukuichimba. Mwisho wakakubaliana kitenge cha maua ambacho hakuna hata mmoja aliyekipenda, kwa hiyo hakuna aliyeonewa.

Sasa ngojeni niwaambie sare hizo zilishonwa na nani. Fundi! Kikundi cha kushona, chenye katiba, mhuri na akaunti ya benki, kilibeba vitenge vyake hadi kwa fundi wa pale kona, kijana anayeshonea barazani kwa cherehani ya miguu. Kijana akapima mabega na viuno, akaandika vipimo kwenye daftari, akapokea malipo ya awali, ndipo akauliza kwa adabu: "Samahani mama zangu, kikundi chenu kinajishughulisha na nini hasa?" Mweka hazina, ambaye nalala naye nyumba moja, hadi leo hajaniambia walimjibu nini. Fundi naye, kama ufundi unavyomtaka, akachelewesha.

Kushona kulipoanza kulianzia sebuleni kwangu, na huko ndiko kuliko mpaka sasa. Zimekuja cherehani tatu. Moja ni Singer nyeusi ya mkono, urithi wa bibi wa mtu, na mshono wake ungali umenyooka kuliko tabia za wanaoizungusha. Ya pili ni ya miguu. Ya tatu ni ya umeme na inakula LUKU yangu. Nilipopendekeza kikundi kichangie tokeni nikaambiwa niihesabu kuwa sadaka, na kwamba sadaka haitangazwi. Haya. Kwenye kochi ninalosomea gazeti kuna sindano. Najua ipo, kwa sababu ilipotelea pale na hakuna aliyeiona ikitoka. Nimehamia kwenye stuli. Jumamosi ndiyo siku ya mpira, lakini televisheni yangu imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi kila pembe, na kukiondoa ni kuidharau kazi ya mwanachama.

Maana hivyo ndivyo walivyoanza navyo, vitambaa. Mtu hutoa anachokijua, na mama zetu hawa walichokijua ni vitambaa vya kufuma: vya kufunika kochi, redio, mtungi wa gesi, hata kifuniko cha hotipoti. Nikauliza wodi ya watoto njiti ina makochi mangapi. Nikajibiwa kwamba katibu kazi yake ni kuandika, si kuchangia hoja. Nikaandika.

Kisha wakahamia kofia, na moyo wangu ukatulia kidogo, hadi nilipoziona. Zilikuwa za sufu, nene, zina kishada juu na riboni mbili za kufungia kidevuni. Ya kwanza niliijaribu mimi, ikanienea vizuri. Huo ulikuwa mwezi wa Februari, Dar es Salaam, joto la nyuzi 32 kivulini, mtu ukikaa tu unaloa. Nikauliza: mtoto gani wa mji huu atavalishwa sufu mwezi huu? Nikaambiwa, kama najifanya najua sana, niende nikamwulize sista wa wodi ya njiti.

Tukaenda watatu: mwenyekiti akiwa na sare, mke wangu akiwa na sare, na mimi nikiwa na mfuko. Sista alikuwa binti mdogo kabisa, ningeweza kuwa nimemfundisha. Akatuamkia, akapokea kofia, akaingiza ngumi ndani. Akaingiza na ngumi ya pili. Hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu siku zote.

"Baba," akaniambia nilipotoa hoja yangu ya joto, "humu ndani wewe unatoka jasho, yeye anasikia baridi." Akatufundisha pale kwenye korido tumesimama. Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na ngozi yenyewe nyembamba. Kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili, kwa hiyo joto humtokea juu. Akipoa, zile nguvu za kunyonya na kuongezeka uzito huzimaliza kwa kujipasha moto. Dawa ni kifua cha mama. Mtoto huvuliwa nguo, akabakizwa nepi, soksi na kofia, akalazwa kifuani ngozi kwa ngozi, akafungwa khanga juu yake. Wanaita kangaroo.

Mimi kasoro yangu ni ualimu, siwezi kusikia jambo nikaliacha hapo. Nikaenda kulisoma. Kumbe lilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari aitwaye Edgar Rey Sanabria, hospitali ikiwa imezidiwa na watoto na mashine za kuwatunzia joto hazitoshi. Badala ya kuunda kamati ya kutafuta mashine, akawakabidhi watoto vifuani kwa mama zao. Leo Shirika la Afya Duniani linataka jambo hilo lianze mapema iwezekanavyo mtoto akishazaliwa, hata pale ambapo mashine zipo. Nililisoma kwa sauti kikaoni. Mwanachama wa mlangoni akauliza kama huyo daktari anafadhili vikundi.

Masharti ya sista yalikuwa mafupi. Pamba tupu, si sufu, kwa sababu manyoya yake humwingia mtoto puani na mdomoni. Pasiwe na shanga, kifungo, riboni wala kishada. Mshono mnene ukae nje, usimguse ngozi. Ivumilie kufuliwa kwa maji ya moto kila mara. Na vipimo: mtoto aliyetimiza siku zake, kichwa chake ni kama sentimita 35 kuzunguka, wa wiki 30 ni kama 28. Mwenyekiti akatoa futi kamba kwenye pochi, akaipima kofia yetu palepale. 56.

Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu. Mama mmoja alikwisha nunua shanga, na alinunua kwa mkopo. Mwingine akauliza swali ambalo naliona ndilo roho ya jambo zima, ingawa yeye hakukusudia hivyo: "Sasa kofia isiyo na urembo wowote, watu watajuaje kuwa tumeshona sisi?"

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa nyumba ya uani. Bibi huyu hana sare. Mchango wa sare ulimshinda, na kwa kuwa katiba inamtaka mwanachama avae sare kikaoni, yeye huhudhuria kutoka jikoni. Huko hupiga bandi, hupindia, hutoboa matundu ya vifungo, yaani kazi zote ambazo watu wa sebuleni huzianza wakaziacha. Macho hayamsaidii tena kutunga uzi. Wajukuu humtungia sindano kumi asubuhi, anazichoma kwenye kipande cha sponji, siku inaenda. Aliposikia kelele za shanga akaomba fulana kuukuu ya mtoto. Akakata mkono. Mkono wa fulana, kama hujawahi kuufikiria, tayari ni mviringo, na upindo wake umeshonwa kiwandani. Akaupiga bandi upande uliokatwa, akavuta uzi ukakusanyika, akakaza, akafunga fundo kwa nje. Kofia. Chai yake haijapoa.

Fulana ya mwanafunzi wa shule ya msingi inakaa karibu sawa na kipimo cha sista. Ya mtu mzima ni pana, lazima ipunguzwe ubavuni, na hapo ndipo cherehani zetu zilipogoma, kwa sababu kitambaa cha fulana kinavutika na sindano ya kawaida huruka mishono. Tukamwita fundi wa kona. Akaangalia, akatikisa kichwa, akabadilisha sindano akaweka yenye ncha ya mviringo, ile ya kushonea fulana, akaondoka bila kudai kitu. Nadhani kwa mara ya kwanza alielewa kikundi kinajishughulisha na nini.

Raha ya ugunduzi huo mimi sikuionja, kwa sababu fulana zilianza kutafutwa. Mtumba wa fulana unauzwa, na fedha ya kikundi ilikuwa imevaliwa. Wiki hiyo nikafungua kabati nikakuta fulana zangu zote zimekuwa singlendi. Ile ya safari ya Mikumi, singlendi. Ile niliyopewa na wanafunzi nilipostaafu, singlendi. Nikamwuliza mke wangu, akasema: "Baba, mikono yako ya nini na joto hili?"

Zilipokwisha zangu wakaingia kwenye fulana za kampeni, na hizo, Mungu ashukuriwe, mtaa wetu hauzikosi. Kila baada ya miaka mitano tunagawiwa za kutosha, na watu wanazilalia, wanazipigia deki, wanamvalisha sanamu wa shambani. Sheria ikawekwa: isiyo ya pamba haifai, na mikono tu ndiyo ichukuliwe, kifua kiachwe. Lakini wapo wagombea waliojichapisha mpaka mikononi. Kwa hiyo ikatokea kofia yenye jicho moja na nusu ya sharubu, na nyingine imeandikwa "KURA YA" basi. Mtoto ana kilo moja na robo, hajafungua macho vizuri, na tayari kuna mtu kamkalia kichwani anaomba kura.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniumiza tumbo. Makabidhiano.

Kofia zilipotosha, mtu mwenye akili timamu angezitia kwenye foronya safi akazipeleka. Sisi tuliunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikaleta bajeti: turubai, viti vya plastiki, spika, mshereheshaji, maji ya chupa, keki, na bango lenye picha ya mwenyekiti na maneno "Kutoa ni moyo, usambe ni". Utajiri haukuenea. Akaalikwa mgeni rasmi, ambaye simtaji. Risala niliandika mimi, nikaambiwa ni fupi, haina changamoto. Nikaongeza changamoto.

Siku ikafika. Sare zinang'aa. Turubai limefungwa karibu na uzio wa hospitali, na mshereheshaji amekwisha anza kupima spika, "moja, mbili, moja, mbili," wakati sista anatokea anakimbia, mikono kichwani. Pale ukutani nyuma ya turubai, akasema, ndiyo wodi yenyewe. Watoto wamelala. Spika ikazimwa. Mwenyekiti akauliza basi wanaingia saa ngapi wodini kukabidhi na kupiga picha na watoto. Sista akajibu kwa upole uleule wa siku ya ngumi mbili: hakuna anayeingia. Wodi ile ina watoto ambao mafua ya mtu mzima yanaweza kuwamaliza. Watu wawili wafike mlangoni, wanawe mikono, wampe mzigo, waondoke. Picha za watoto haziruhusiwi. Na kofia zenyewe hazivaliwi leo, zinakwenda kufuliwa kwanza.

Mngeuona uso wa kamati ndogo! Tumekaa pale na sare za maua, keki inayeyuka, tunamsubiri mgeni rasmi aliyesema yuko njiani tangu saa nne. Alifika saa nane. Kwa kuwa kofia zilikwisha ingia ndani, akakabidhiwa foronya tupu iliyojazwa magazeti, akaikabidhi kwa mwenyekiti, mwenyekiti akaikabidhi tena kwake kwa ajili ya picha ya upande wa pili. Gazeti lililojazwa lilikuwa langu, la siku ile, sijalisoma. Hotuba yake ilisisitiza usafi wa mazingira.

Usiku nikakaa na daftari la mweka hazina, yeye akiwa amelala. Uzi na sindano za fulana havikufika hata robo ya gharama ya turubai na spika, spika iliyosema "moja, mbili" ikanyamaza. Katika mkutano wa tathmini nikapendekeza tununue robo ya belo la fulana za watoto. Pendekezo langu lipo kwenye muhtasari. Linafuata baada ya ajenda namba moja, sare kupauka, na ajenda namba mbili, ziara ya mafunzo Bagamoyo.

Sasa limezuka jingine. Sista alimpigia simu mke wangu kwamba kofia kubwa zipo za kutosha, zinaisha ndogo. Mke wangu akamwambia bibi wa uani. Jumatano bibi akafunga kofia kwenye khanga, akampa mjukuu wake nauli, mjukuu akashukia getini, akampa sista, akarudi kabla ya saa sita. Hapakuwa na turubai, wala picha. Mwenyekiti alipopata habari aliwaka. Mali ya kikundi imetoka bila kibali cha kikundi! Ikaamuliwa bibi aandikiwe barua ya onyo, nakala kwa afisa maendeleo, na katibu aipeleke kwa mkono.

Nikaiandika. Nikampelekea. Nilimkuta kibarazani na sponji lake, akaniambia miwani hana, nimsomee.

Nikaifungua, nikakohoa kidogo, nikamsomea kwamba kikundi kinamshukuru kwa kazi, na kinaomba kujua akiletewa fulana zaidi ataziweza.

Akafikiri kidogo, sindano mdomoni.

"Waambie walete," akasema. "Ila za mgombea sitaki tena. Zinachuja rangi."